Airbnb Kenya: Sh72,000 zile zile, ushuru wa kila mtu tofauti

Nyumba ya chumba kimoja cha kulala, Nyali, Mombasa. Ina kitanda kizuri, Wi-Fi, televisheni, jiko la gesi na balkoni ya kupigwa na upepo. Bei ni Sh4,000 kwa usiku, na kwa mwezi wa kawaida inapata wageni wa siku 18. Hiyo ni Sh72,000.

Katika hizo Sh72,000, serikali inachukua ngapi?

Inaweza kuwa sufuri. Inaweza kuwa Sh5,400 kila mwezi. Inaweza pia kukaribia Sh8,000 kila mwezi. Nyumba ni ile ile na wageni ni wale wale. Kinachobadilika ni nani anayeipangisha, nyumba ni ya nani, na risiti ziko wapi.

Wengi walioingia kwenye biashara hii hawajawahi kupiga hesabu hiyo. Waliona video TikTok, wakalipa deposit, wakanunua sofa, wakapiga picha. Ushuru unakumbukwa barua pepe ya KRA ikiingia.

Neno moja kabla ya kuendelea, kwa msomaji wa Tanzania: Kenya, "kodi" ni hela ambayo mpangaji humlipa landilodi. Ya serikali huitwa "ushuru". Makala haya yanafuata matumizi ya Kenya, maana hapa tutakuwa na zote mbili kwenye hesabu moja.

Mlango wa kwanza: asilimia 7.5

Kenya ina ushuru maalum kwa wanaopata kodi ya nyumba za makazi. Watu wa hesabu huuita MRI. Ulianza Januari 2016 kwa kiwango cha asilimia 10. Sheria ya Fedha ya 2023 iliushusha hadi asilimia 7.5 kuanzia Januari 1, 2024.

Unamhusu mkazi wa Kenya ambaye kodi anayopata kwa mwaka imezidi Sh288,000 lakini haijapita Sh15 milioni. Kwa lugha ya mwezi, ni kuanzia Sh24,000 kwenda juu. Hulipwa kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata, kupitia iTax.

Raha yake ni urahisi. Unachukua ulichopata, unazidisha kwa 7.5, unagawanya kwa 100, unalipa, basi. Huo ndio ushuru wa mwisho kwa mapato hayo. Hakuna mtu atakayekuuliza faida yako ilikuwa ngapi.

Ubaya wake ni huo huo: hakuna atakayekuuliza faida yako ilikuwa ngapi. Stima, maji, mtu wa usafi, riba ya mkopo wa benki, hakuna kinachotolewa. Unatozwa kwenye mapato ghafi hata kama mwezi huo ulikula hasara.

Mlango wa pili: biashara ya kawaida

Hapa unahesabiwa kama mfanyabiashara mwingine yeyote. Unachukua mapato ya mwaka, unatoa gharama zilizotumika kuyapata, na kinachobaki ndicho kinachotozwa ushuru.

Viwango kwa mtu binafsi hupanda kwa ngazi. Sh288,000 za kwanza kwa mwaka hutozwa asilimia 10. Sh100,000 zinazofuata, asilimia 25. Kutoka hapo hadi Sh6 milioni, asilimia 30. Kuna asilimia 32.5 na 35 kwa wenye kipato kikubwa zaidi. Halafu kila mkazi hupunguziwa Sh2,400 kwa mwezi, yaani Sh28,800 kwa mwaka.

Ndani ya mlango huu kuna kichochoro: ushuru wa mauzo, TOT. Ni asilimia 3 ya mauzo ghafi, kwa biashara inayouza zaidi ya Sh1 milioni lakini isiyozidi Sh25 milioni kwa mwaka. Asilimia 3 inavutia, na ndiyo maana hutajwa sana kwenye magrupu ya WhatsApp ya wenye Airbnb. Lakini sheria inasema wazi kwamba TOT haihusu mapato ya kodi ya nyumba. Huwezi kusema "mimi ni landilodi" ukitafuta 7.5, kisha mwakani useme "mimi ni mfanyabiashara" ukitafuta 3.

Na nyumba yetu ya Nyali inaingiza Sh864,000 kwa mwaka. Haifiki Sh1 milioni, kwa hivyo TOT haimhusu hata akiitaka.

Watu watatu, nyumba moja

Tuseme kuna watu watatu tofauti, kila mmoja akiendesha nyumba kama hiyo. Wote wanapata Sh72,000 kwa mwezi. Wote wanatumia Sh20,000 kwa stima, maji, intaneti, usafi, kufua mashuka na ada ya jukwaa.

Wa kwanza ndiye mwenye nyumba. Hana kazi nyingine wala mkopo. Akipita mlango wa 7.5, analipa Sh5,400 kwa mwezi, au Sh64,800 kwa mwaka. Akipita mlango wa biashara, faida yake ni Sh52,000 kwa mwezi, ambayo ni Sh624,000 kwa mwaka. Ushuru wake, baada ya kutoa ile nafuu ya Sh28,800, ni Sh95,800. Kwa huyu, 7.5 ni bei poa. Anaokoa Sh31,000.

Wa pili si mwenye nyumba. Amepanga kwa Sh35,000 kwa mwezi, na landilodi amemkubalia awapangishe wageni. Hii ndiyo njia wanayotumia vijana wengi kuanza, kwa sababu haihitaji kuwa na ploti wala mkopo wa nyumba. Gharama zake ni Sh55,000. Kinachobaki mfukoni ni Sh17,000.

Akitozwa asilimia 7.5 ya mapato ghafi, bado ni Sh5,400. Lakini sasa hizo Sh5,400 zinatoka kwenye Sh17,000. Karibu thuluthi moja ya faida yake imeondoka. Na kumbuka landilodi wake naye, akiwa ndani ya MRI, anatozwa asilimia 7.5 kwa zile Sh35,000. Nyumba moja imetozwa mara mbili, kwa watu wawili.

Huyu wa pili akipita mlango wa biashara, mambo yanageuka. Faida yake kwa mwaka ni Sh204,000. Asilimia 10 ya hiyo ni Sh20,400. Nafuu ya Sh28,800 inazimeza zote. Kama hana mapato mengine yoyote, ushuru wake ni sufuri. Kutoka Sh64,800 hadi sufuri, na mlango tu ndio umebadilika.

Wa tatu naye amepanga kama wa pili, ila ameajiriwa na mshahara wake ni Sh80,000. Hapa wengi hukosea. Nafuu yake ya kila mwezi tayari imetumika kwenye mshahara. Ngazi za chini tayari zimejaa. Faida ya Airbnb inakaa juu ya mshahara, na inatozwa asilimia 30: Sh5,100 kwa mwezi, Sh61,200 kwa mwaka. Dhidi ya Sh64,800 za mlango wa kwanza. Tofauti ni Sh3,600 kwa mwaka, ambazo pengine hazitoshi hata kumlipa wa kumwandikia vitabu.

Kwa hivyo ule ushauri wa mtandaoni kwamba "Airbnb ni 7.5, maliza" unamfaa mtu wa kwanza tu. Wa pili anaumia, na wa tatu hapati tofauti ya maana.

Unaweza kuchagua?

Kwa kiasi fulani, ndiyo. Sheria ya Ushuru wa Mapato inamruhusu mtu aliye ndani ya MRI kumwandikia Kamishna kwamba hataki kuwa humo, na anataka kutozwa kwa njia ya kawaida. Ni kwa maandishi. Kunyamaza tu na kuacha kulipa si kuchagua.

Lakini kuna swali linalotangulia: Airbnb ni kodi ya makazi kweli?

Sheria hiyo haina kifungu cha Airbnb. Inazungumzia mapato yanayotokana na mtu kutumia au kuishi katika nyumba ya makazi. Familia iliyopanga kwa mkataba wa mwaka, hilo halina ubishi. Lakini mgeni aliyelala Ijumaa na Jumamosi, akabadilishiwa mashuka, akaletewa chai na mahamri, akachukuliwa uwanja wa ndege? Huyo amenunua huduma inayofanana zaidi na hoteli kuliko upangaji.

Sheria ya VAT inatoa dokezo zito. Inasema nyumba za makazi hazitozwi VAT zikipangishwa, kisha inaongeza kwamba hoteli na malazi ya likizo hayamo kwenye maana ya nyumba za makazi. Ni sheria tofauti, kwa ushuru tofauti. Hata hivyo inaonyesha bunge lilikuwa na picha gani kichwani.

Ukiiangalia kwa jicho la kawaida, anayempangishia mgeni miezi mitatu au sita, nyumba ikiwa na fanicha lakini bila huduma, yuko karibu na mlango wa kwanza. Anayeuza usiku mmoja mmoja, akiwa na mtu wa usafi na huduma juu yake, yuko karibu na mlango wa pili. Katikati hapo ndipo kuna ubishi, na ubishi na KRA hauna bei nafuu.

Kuna dawa ambayo wachache huitumia. Sheria ya Taratibu za Ushuru inamruhusu mtu kuandikia KRA, akaeleza biashara yake yote bila kuficha, na kuomba uamuzi wa maandishi kuhusu namna atakavyotozwa. Ukitolewa, na kama ulisema ukweli wote, uamuzi huo unamfunga Kamishna kwako. Karatasi hiyo ina thamani kuliko majibu kumi ya X, hata yakiwa yametoka kwenye akaunti rasmi.

Risiti ndiyo roho ya mlango wa pili

Turudi kwa yule wa pili, aliyefurahia sufuri. Sufuri yake imesimama juu ya kitu kimoja: kuthibitisha kwamba alitumia Sh55,000.

Tangu Januari 1, 2024, gharama ya biashara ambayo haina ankara ya eTIMS, ule mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki, haikubaliwi kwenye hesabu ya ushuru, isipokuwa aina chache kama mishahara na riba. Ujumbe wa M-Pesa unaonyesha kwamba hela ilitoka. Hautoshi kuonyesha ilinunua nini.

Gharama kubwa kuliko zote ni kodi: Sh35,000 kila mwezi. Kama landilodi hatoi ankara ya eTIMS, na wengi wa mtaani bado wanaandika kwenye kitabu cha risiti cha duka la vitabu, KRA inaweza kuikataa gharama hiyo nzima.

Ikikataliwa, machoni pa KRA faida yake inapanda kutoka Sh17,000 hadi Sh52,000 kwa mwezi. Ushuru unapanda kutoka sufuri hadi Sh95,800 kwa mwaka. Faida yake halisi ni Sh204,000. Karibu nusu imekwenda, kwa sababu ya karatasi.

Ndiyo maana suala la eTIMS linafaa kuulizwa kabla ya kusaini mkataba na landilodi, pamoja na lile la maji na parking. "Utanipa ankara ya eTIMS?" Akigoma, bei yake ya Sh35,000 si Sh35,000 tena.

Kwa wauzaji wadogo kuna nafuu. Mabadiliko ya mwisho wa 2024 yanamruhusu mnunuzi kutoa ankara mwenyewe kwa niaba ya muuzaji ambaye mauzo yake hayazidi Sh5 milioni kwa mwaka. Fundi wa mabomba na anayefua mashuka wanaweza kuingia hapo.

Na fanicha? Wengi hutaka kutoa Sh150,000 za kitanda, sofa na meza zote mwaka wa kwanza. Haiwezekani. Fanicha hutolewa asilimia 10 kwa mwaka, kwa mafungu sawa. Mwaka wa kwanza ni Sh15,000, wa pili Sh15,000, na kuendelea hivyo. Sofa itachakaa kabla ya hesabu yake kwisha.

Ghafi ni kabla ya jukwaa kukata

Kosa jingine la kila siku. Mgeni amelipa Sh4,000, jukwaa limekata ada yake, benki imepokea chini ya hapo. Mwenye Airbnb anaandika kilichoingia benki.

Mapato ghafi ni kile ulichomtoza mgeni. Ada ya jukwaa ni gharama. Kwenye mlango wa pili unaitoa. Kwenye mlango wa 7.5 huitoi. Hela ya usafi unayomtoza mgeni kando nayo ni mapato.

Tena kuna kitu cha kuangalia kwenye taarifa za malipo. Sheria iliyoanza kutumika mwishoni mwa Desemba 2024 iliweka makato ya asilimia 5 kwa malipo yanayopitia majukwaa ya kidijitali kwenda kwa mkazi wa Kenya. Ukiona umekatwa, tafuta cheti chake kwenye iTax kabla ya kujaza ripoti ya mwaka, usije ukalipa mara mbili.

Chini ya Sh24,000 si bure

Anayepangisha chumba cha nyuma wikendi tu na kupata, tuseme, Sh15,000 kwa mwezi, husema yuko chini ya kiwango. Ni kweli yuko chini ya kiwango cha MRI. Lakini kuwa nje ya MRI kunamrudisha kwenye ushuru wa kawaida. Hela hiyo inaandikwa kwenye ripoti ya mwaka. Kama hana kipato kingine, nafuu ya Sh28,800 inaweza kuimaliza. Kama ameajiriwa, faida yake inatozwa kwa ngazi ya mshahara wake.

Nyumba ya sita

Biashara ikishika, watu huongeza. Nyumba mbili, tatu, tano. Kila moja ikiingiza Sh72,000 kwa mwezi, ya sita inakufikisha Sh5,184,000 kwa mwaka.

Hapo umevuka Sh5 milioni, kiwango cha kujiandikisha kwa VAT ya asilimia 16. Na kama tulivyoona, malazi ya likizo hayana ule msamaha wa nyumba za makazi.

Sasa bei ya Sh4,000 ina njia mbili. Umwongezee mgeni Sh640 alipe Sh4,640, au ubaki na Sh4,000 na utoe karibu Sh552 kwa KRA kila usiku. Jirani mwenye nyumba mbili haitozi VAT, na mgeni anaona bei zote kwenye simu moja. Ndiyo, VAT uliyolipa kwenye manunuzi ya biashara unaweza kuidai, lakini mashuka na sabuni havitarudisha Sh552 kila usiku.

Kugawa nyumba kwa majina ya mke, kaka na shangazi ili kila mmoja abaki chini ya Sh5 milioni ni mbinu inayosimuliwa sana. Kama simu inayopokea wageni ni moja na akaunti ya benki ni moja, si mbinu. Ni ushahidi.

TRA ya Kenya si TRA ya Tanzania

Tanzania, TRA ni Mamlaka ya Mapato. Kenya, TRA ni Mamlaka ya Udhibiti wa Utalii, na wenye Airbnb wanatakiwa kuwa na leseni yake. Januari 2024, baada ya mauaji ya wanawake katika nyumba za kupangisha kwa muda mfupi Nairobi, mamlaka hiyo iliwataka wote wajiandikishe.

Kuna pia ada ya utalii ya asilimia 2 ya mauzo, inayokusanywa na Hazina ya Utalii. Kwa nyumba yetu ni Sh1,440 kwa mwezi. Si ushuru wa mapato na haiendi KRA, ila inatoka mfuko ule ule. Kibali cha kaunti nacho kina bei yake.

Aliye Doha, Dallas au London

Wakenya wengi walio ng'ambo wamenunua apartment Kilimani au Mtwapa, na ndugu ndiye anapokea wageni. Hapa swali la kwanza ni ukazi wa kiushuru, si uraia.

Asilimia 7.5 ni ya mkazi. Asiye mkazi, makato kwenye kodi ya nyumba ni asilimia 30 ya mapato ghafi. Kwa Sh72,000 hiyo ni Sh21,600 kwa mwezi, mara nne ya jirani yake aliye nyumbani.

Nani ni mkazi? Aliye na makao ya kudumu Kenya na akawa nchini hata kwa muda mfupi tu mwaka huo. Asiye na makao ya kudumu ni mkazi akikaa siku 183 au zaidi katika mwaka, au akiwa na wastani wa zaidi ya siku 122 kwa mwaka, ukihesabu mwaka huo na miwili iliyotangulia.

Kwa hivyo anayekuja kila Desemba na ana nyumba yake ya kufikia anaweza kuwa mkazi kwa macho ya sheria. Lakini kama nyumba yake pekee Kenya ndiyo ile anayowapangishia wageni, na akija analala kwa dada yake, hoja ya makao ya kudumu inakuwa ngumu kuitetea. Na ukazi una upande wa pili: mkazi anaweza kuulizwa pia kuhusu mapato ya ajira aliyoyapata nje. Anayekimbilia 7.5 aangalie na hilo.

Mwezi bila mgeni

Pwani ina Desemba na ina Mei. Mvua za masika zikipiga, nyumba inaweza kukaa wiki tatu bila mtu.

Aliye kwenye MRI bado anatakiwa kujaza ripoti mwezi huo, akiandika sufuri. Asipojaza, faini kwa mtu binafsi ni Sh2,000 au asilimia 5 ya ushuru, kubwa kati ya hizo. Kwa nyumba ya Sh72,000, asilimia 5 ya Sh5,400 ni Sh270. Kwa hivyo unapigwa Sh2,000. Miezi 12 ya kusahau ni Sh24,000 za faini za kutojaza peke yake, kabla hujagusa ushuru wenyewe. Kuchelewa kulipa kuna asilimia 5 yake, na riba ya asilimia 1 kila mwezi.

Kwenye mlango wa biashara ratiba ni nyingine. Ripoti ni mara moja, kufikia Juni 30. Ila malipo hayasubiri Juni. Kama ushuru wako wa mwaka unazidi Sh40,000 na haujakatwa kwenye chanzo, unatakiwa kuulipa kwa awamu nne: Aprili 20, Juni 20, Septemba 20 na Desemba 20. Salio, likiwepo, ni kufikia Aprili 30 ya mwaka unaofuata. Yule wa kwanza mwenye Sh95,800 yuko ndani ya ratiba hiyo. Wa tatu mwenye Sh61,200 pia.

Msamaha wa faini na riba kwa madeni ya hadi mwisho wa 2023 ulifungwa Juni 30, 2025. Aliyekuwa akiungojea urudi anajaza deni lake sasa kwa bei kamili. Naye anayedhani KRA haimuoni akumbuke kwamba sheria inairuhusu kudai rekodi kutoka kwa mtu au kampuni yoyote inayozishika. Usiku mmoja wa Airbnb huacha alama tatu: kwenye jukwaa, kwenye benki au M-Pesa, na kwenye kitabu cha askari wa geti.